Jarida dogo la habari na matukio ya kampasi kila wiki: mnalipangaje?

nakala300

Salaam wote. Tuko wanne, chuo kina kampasi mbili hapa Nairobi, moja katikati ya mji na nyingine upande wa Thika Road. Tunataka kutoa karatasi ya habari na matukio kila wiki: mihadhara ya wazi, midahalo, mechi, mikutano ya vyama, kambi za kuchangia damu, matangazo ya ofisi. Mpango ni nakala 300 za karatasi na toleo lilo hilo kwenye WhatsApp. Idhini ya ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi tunayo kwa maandishi. Tunachokosa ni utaratibu. Tufunge kupokea habari siku gani? Nani athibitishe nini? Tuchapishe vipi bila kumaliza hela toleo la pili? Na ni yapi hasa huwaponza wanaofanya kazi hii?

kalamu_nyekundu

Anzeni na siku ya kufunga, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Wengi hufunga Ijumaa jioni ili watoe Jumatatu, na hapo ndipo wanapojifunga wenyewe. Jumamosi unagundua mdahalo umepangiwa ukumbi wenye mtihani, na hakuna ofisi ya kupigia simu. Fungeni Alhamisi saa 11 jioni. Ijumaa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 na nusu mchana iwe ya kuthibitisha tu. Baada ya chakula cha mchana cha Ijumaa simu za ofisi hulia hadi zichoke. Jumamosi mnapanga kurasa na kuchapisha. Toleo la WhatsApp litoke Jumapili saa 12 jioni, karatasi ziwe mezani Jumatatu kabla ya vipindi vya saa 2 asubuhi.

Habari zenyewe msizihifadhi kwenye gumzo. Fungueni jedwali moja la pamoja, kila tukio mstari wake: jina la tukio, siku, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, ukumbi, kampasi, mwandalizi, simu yake (ya kazi yenu, si ya kuchapishwa), kiingilio, nani anaruhusiwa, nani amethibitisha na lini. Safu ya mwisho ni hali: limeingia, limethibitishwa, limebadilika, limefutwa. Kisichoandikwa "limethibitishwa" hakiingii ukurasani hata kama kimetoka kwa rafiki yako wa karibu.

Siku na tarehe ni safu mbili kwa makusudi. Mtu akikuletea "Jumatano 12 Machi 2026" utaona papo hapo kwamba hiyo ni Alhamisi, na kwamba kuna moja kati ya mawili amekosea. Usimsahihishie kwa kukisia. Muulize.

Kuthibitisha tukio lenye ukumbi ni kuuliza pande mbili: mwandalizi, na ofisi inayogawa kumbi. Mwandalizi atakwambia "ukumbi tumepata" akimaanisha barua ya maombi imepelekwa. Ofisi ya kumbi itakwambia kama imejibiwa. Karibu na mitihani ulizeni tena siku mbili kabla ya tukio, kwa maana kumbi kubwa ndizo za kwanza kunyakuliwa.

Angalieni pia sikukuu. Sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa mapumziko; Mashujaa ya 20 Oktoba 2024 ilikuwa hivyo. Waandalizi wengi hukumbuka ile ya 20 na kusahau ile ya 21.

Na habari haziji zenyewe. Gaweni njia: mmoja vitivo na ubao wa matangazo wa kila idara, mmoja michezo na hosteli, mmoja maktaba, zahanati, msikiti na kanisa la chuo, mmoja ofisi za utawala. Mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Jumatano. Kila tangazo la ubaoni lipigwe picha nzima pamoja na muhuri na sahihi, maana ukinakili kwa mkono utaacha mstari mmoja, na mara nyingi ndio wenye masharti. Kambi ya damu kwa mfano: msomaji anataka kujua kabla hajapanda ngazi kwamba mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 kwenda juu, na kwamba asije na njaa. Tangazo lisilosema hayo hujaza foleni ya watu watakaorudishwa.

saa_sita_kamili

Aliyotangulia kuyasema sawa. Mimi naongeza moja tu lakini ni kubwa: saa.

Kampasi za Nairobi zinasoma saa kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Ukiandika "Saa 8:00" na kuishia hapo, kuna watakaofika asubuhi kwa sababu wamezisoma tarakimu kwa Kiingereza, na kuna watakaofika saa nane mchana. Wote wana haki. Kanuni iwe moja na isivunjwe hata kwenye kichwa cha habari: saa ya Kiswahili, kisha neno la wakati, kisha saa ya tarakimu 24. "Saa 8:00 mchana, 14:00." Ndiyo, inarefusha mstari. Afadhali mstari mrefu kuliko ukumbi mtupu.

Usiku ni mtego mwingine. Kwa watu wa Pwani "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoingia Alhamisi jua likichwa. Kwa wengi wa bara ni Ijumaa yenyewe baada ya giza. Mkesha wowote uandikwe kwa tarehe mbili: "Alhamisi 12 Machi kuamkia Ijumaa 13 Machi."

Baada ya saa ni mahali. Chuo chenye kampasi zaidi ya moja kina kumbi zenye majina yanayofanana, na mgeni hajui tofauti. Mtu wa nje akisoma "Chuo Kikuu cha Nairobi" bila neno lingine ataishia University Way, hata kama mhadhara ni wa kitivo cha sheria kule Parklands au wa wanasayansi kule Chiromo. Kampasi itangulie jina la ukumbi kila mara, na kama tukio ni la umma ongezeni mtu ashuke wapi.

Mfano wa tangazo baya, aina mnayoletewa kila siku:

"Makomredi wote mnaalikwa kwenye mdahalo mkubwa na wa kusisimua utakaofanyika wiki hii saa 10 ukumbi mpya. Wote mnakaribishwa, msikose!!!"

Sasa lile lile likiwa na kitu ndani:

"Mdahalo: bei ya chakula cha mesi ipangwe na nani? Alhamisi 12 Machi 2026, saa 10:00 jioni hadi 12:00 jioni (16:00–18:00). Kampasi ya mjini, ukumbi wa mihadhara 3, ghorofa ya kwanza. Bure. Wageni waje na kitambulisho cha taifa. Mlango hufungwa saa 10:20 jioni (16:20)."

Maneno kama "mkubwa" na "wa kusisimua" futeni bila huruma. Ni ya mwandalizi, hayamfikishi mtu ukumbini.

mchapaji_wa_downtown

Kuhusu uchapishaji. Nakala 300 ni idadi iliyo mahali pazuri: ni nyingi mno kwa fotokopi na chache mno kwa ofseti, ile mitambo mikubwa ya kiwandani. Ulizeni risografu (mashine ya kunakili kwa stensili), River Road na vichochoro vyake hamtakosa. Mashine hiyo hukata masta (yaani stensili yenyewe) moja kwa kila upande wa ukurasa, na bei ya masta haibadiliki ukichapa nakala 20 au 1,000. Ndiyo maana chini ya nakala 50 hivi fotokopi hushinda, na kadiri unavyopanda risografu ndiyo inayoshinda.

Wino wake si kama tona (unga wa wino) ya fotokopi. Hauchomwi kwa joto, hukauka kwa kuingia kwenye karatasi. Kwa hiyo: karatasi isiyong'aa, gramu 80. Ya gramu 70 mtaona upande wa pili ukijitokeza nyuma ya herufi. Karatasi ya kung'aa wino hautakauka, utahamia kwenye vidole vya wasomaji. Na ukichapa upande wa kwanza, acha bunda lipumzike kabla ya kugeuza. Fundi mwenye haraka atawapa nakala zenye kivuli cha ukurasa mwingine, kisha aseme ndivyo mashine ilivyo.

Kama habari zinatosha kurasa mbili za A4, chapeni karatasi moja pande zote mbili: nakala 300 ni karatasi 300, ongeza 15 za kuharibika, rimu moja ya 500 inabaki na akiba. Mkitaka kurasa nne, tumieni A3 iliyokunjwa. Upande wa nje ubebe ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia, ndani 2 na 3. Printa ikichapa pande mbili yenyewe, chagueni kugeuza kwa ukingo mfupi, la sivyo ndani itatoka kichwa chini. Kurasa tatu hakuna. Ama mbili ama nne.

Acheni milimita 10 kila ukingo, maandishi ya habari pointi 10, na msipeleke faili ya kuharirika. Pelekeni PDF yenye fonti ndani yake, kwa sababu kompyuta ya dukani isipokuwa na fonti yenu itaweka yake, mistari itasogea, na tukio la mwisho litaanguka nje ya ukurasa.

Picha: kwa kuchapa zihesabu pikseli 300 kwa kila inchi. Bango la A3 linataka 3508 kwa 4961. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi hubaki na pikseli 1600 upande mrefu, yaani inatosha sentimita 13 na nusu tu kabla haijaanza kufifia. Mwambieni mpiga picha aitume kama faili. Msimbo wa QR ndani ya jarida uwe na upana wa sentimita 3. Kwenye bango fuateni kipimo cha moja kwa kumi, mtu akisimama mita moja uwe sentimita 10. Na ile nafasi nyeupe kuuzunguka msiijaze mapambo. Simu hushindwa kuusoma hapo hapo.

bando_imeisha

Kusema kweli, karatasi za nini zama hizi? Wekeni kila kitu WhatsApp, hizo hela nunueni chai.

mchapaji_wa_downtown

Karatasi iliyobandikwa mlangoni pa mesi husomwa na mtu asiye na bando, ambaye ni wewe kwa jina lako. Lakini tuendelee.

antena_ya_hosteli

Zote mbili zina kazi yake, ila ya simu ifanyeni vizuri. Tumieni chaneli, si kikundi. Kikundi cha WhatsApp kina kikomo cha watu 1,024 na kila mmoja anaona nambari za wenzake. Wauzaji wa mikopo na kamari wataingia kuvuna tu. Chaneli huficha nambari za wafuasi na nyinyi pekee ndio mnaoandika.

PDF wengi hawafungui. Tumeni matukio kama maandishi ya kawaida, siku kati ya nyota mbili (*hivi*) ili herufi ziwe nzito, tukio moja kwa mstari mmoja au miwili, kisha PDF ifuate kwa anayeitaka. Maandishi hutafutika, picha ya bango haitafutiki, na asiyeona vizuri simu yake haiwezi kumsomea.

Kama chuo kitawapa nafasi ya SMS kwa mambo ya dharura, jueni ujumbe mmoja ni herufi 160, na mkizidisha kila kipande kinakuwa 153. Ila ukiweka alama moja tu iliyo nje ya orodha ya kawaida, kikomo kinashuka hadi 70 kwa ujumbe mzima. Kiswahili kina mwiba wake hapa: ule mkato wa "ng'ombe" na "ng'ambo". Ukinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia, mkato unakuja umejipinda, na ujumbe mliodhani ni mmoja unalipiwa mara mbili au tatu. Andikeni upya mkato ulionyooka. Emoji nazo ni vivyo hivyo.

dawati_la_uhakiki

Swali la yapi huwaponza halijajibiwa. Ni memo bandia, picha, michango na majina ya watu.

Memo bandia ya kuahirisha mitihani au kufunga chuo hutokea karibu kila muhula. Kabla ya lolote, angalia siku na tarehe kama zinaoana, nambari ya kumbukumbu kama inafuata mtindo wa memo za ofisi hiyo, cheo cha aliyetia sahihi, na kama picha imekatwa pembeni. Ikiwa ni PDF, fungua sifa za faili uone imeundwa lini. Ile mishale miwili ya WhatsApp inayosema imetumwa mara nyingi haithibitishi uongo, lakini inakwambia aliyekuletea hajaipata ofisini. Yote hayo ni kuchuja tu. Uthibitisho ni mmoja: tovuti ya chuo, barua pepe rasmi, au sauti ya ofisi ya Msajili kwenye simu ya mezani uliyoitafuta wewe mwenyewe, si ile iliyoandikwa chini ya memo hiyo. Kufunga chuo kwa kawaida ni uamuzi wa Seneti ya chuo. Memo ya kufunga iliyotoka idara moja ina walakini tangu mwanzo. Hamjapata uthibitisho? Msiandike "kuna uvumi kwamba". Hiyo nayo ni kueneza.

Picha ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo ina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Ukumbi uliojaa watu ukipigwa kutoka nyuma si tatizo kubwa. Uso mmoja uliokuzwa, kwa kutangaza kitu, ombeni idhini kwa maandishi. Ujumbe mfupi wenye jina na tarehe unatosha kuhifadhi. Kitambulisho kilichookotwa msikipige picha kizima. Andikeni herufi za mwanzo za jina na kitivo, mwenyewe aje ataje nambari.

Michango ya matibabu na mazishi: msichapishe nambari ya M-Pesa kabla ya kujua ni ya nani. Jina linaloonekana kabla ya kutuma lilingane na jina la mweka hazina aliyetajwa, na familia au mwakilishi wa darasa athibitishe kwa simu. Kama chama kina Paybill (nambari ya malipo ya taasisi), tumieni hiyo badala ya laini ya mtu binafsi. Habari ya msiba isitoke kabla ya familia kujua na chuo kuthibitisha, hata kama vikundi vyote vimeshaitoa. Katika hili kuchelewa si aibu.

Kumtaja mtu kwa ubaya: Februari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Watu wakasikia "kashfa imefutwa" wakachangamka. Kesi ya madai ya fidia bado ipo. Tuhuma dhidi ya kiongozi wa wanafunzi au mhadhiri ziende na hati mkononi, na yeye apewe nafasi ya kujibu katika toleo lilo hilo.

La mwisho kwa upande wa sheria: chapisho la habari linalotoka kwa vipindi linaweza kuguswa na Sheria ya Vitabu na Magazeti, ambayo marekebisho yake ya 2002 yalipandisha dhamana anayotakiwa kuweka mchapishaji kutoka shilingi 10,000 hadi milioni 1. Mkiwa chini ya mwavuli wa chuo, idhini yenu ya maandishi ioneshwe ofisi ya sheria ya chuo kabla ya toleo la kwanza. Na msianze kuuza nakala nje ya geti.

nakala300

Asanteni, hii ni zaidi ya tulivyotarajia. Mawili yamebaki. Moja, tukio likibadilika Jumanne wakati karatasi ziko nje tangu Jumatatu? Pili, kuna chama kinataka tukitangazie matembezi ya hisani kutoka kampasi hadi Uhuru Park. Tuulize nini?

dawati_la_uhakiki

La pili kwanza. Wakitoka barabarani, Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka mwandalizi apeleke notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla, na matembezi yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Idhini ya Mkuu wa Wanafunzi haichukui nafasi ya notisi hiyo. Ombeni kuona nakala iliyogongwa muhuri wa kituo, na barua ya kuruhusiwa kutumia bustani. Wakisema "inashughulikiwa", tukio linabaki "limeingia", halichapishwi. Wakileta, andikeni njia yote kwa majina ya barabara, si mwanzo na mwisho pekee, kwa faida ya wengine wanaopanda matatu saa hizo.

kalamu_nyekundu

Na la kwanza: ndiyo maana nakala zote 300 hazigawiwi mikononi. Wekeni 40 hivi mahali pasipobadilika, milango ya mesi, maktaba, hosteli, mageti ya kampasi zote mbili, na muwe na orodha ya mahali hapo. Tukio likibadilika, kata vipande vya karatasi ya rangi, andika saa au ukumbi mpya na tarehe ya marekebisho, kisha bandika juu ya mstari ule tu bila kuufunika wote, mtu aone kilichokuwa na kilichobadilika. Ukifunika kabisa, aliyesoma Jumatatu atadhani ni tukio jingine. Kwenye chaneli msifute ujumbe wa zamani kimya kimya. Toeni mpya unaoanza na neno MABADILIKO, saa ya zamani, saa mpya. Watu wawili wakigawana kampasi, vipande 40 ni kazi ya dakika 50 hivi. Bebeni gundi ya kutosha, selotepu hubanduka mvua ikinyesha.